Mchambua Barua wa Sita

Kilichotangulia ni harufu ya lakiri. Attracta Hession aliisikia Jumanne alasiri akimenya viazi jikoni, akaweka kisu chini, akanusa. Ilikuwa lakiri ile nyekundu ya kuyeyushwa juu ya fundo la mfuko wa posta, na haikuwa imeingia nyumba ile tangu mumewe alipoacha kazi kwenye treni ya barua, miaka mitatu nyuma. Chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoungua. Alifungua tanuri haraka, akakuta mkate wake wa magadi umeiva vizuri na haukuungua hata ukingo.

"Malachy! Unachoma nini huko?"

"Sichomi kitu, mama!" mumewe alijibu kutoka chumba cha treni.

Chumba cha treni zamani kilikuwa chumba cha watoto. Watoto walipokwenda zao, mmoja Boston na mwingine Manchester, treni za mfano zilihamia hata vitanda havijapoa. Malachy alikuwa amesimama miaka ishirini na miwili kwenye behewa la posta kati ya Galway na Dublin, akichambua barua treni ikikimbia, na treni ile ilipoondolewa hakujua afanye nini na mikono yake. Basi akaanza kukusanya mabehewa madogo, na hasa mabehewa ya posta ya Ayalandi, ambayo hakuna kiwanda kilichohangaika nayo. Ni mafundi wachache waliyatengeneza kwa mikono, kwa shaba na mbao, na fundi akifa hakuna mengine. Attracta aliwaambia wenzake kanisani kwamba afadhali wao wenye waume walevi, maana baa angalau hufungwa.

Jumatatu, siku moja kabla ya harufu ile, Malachy na rafiki yake Festy Mannion walirudi kutoka mnadani Loughrea wakiwa wamekumbatia sanduku kama waliookota mtoto. Festy alikuwa na duka la misumari na rangi mjini Athenry, mtu mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, na ugonjwa wake ulikuwa huohuo wa treni.

"Shemeji, njoo uone," alisema. "Yule fundi kapera, Lorcan Fahy, alitengeneza mabehewa ya posta matatu tu maisha yake yote. Hili ndilo la tatu. Hata Dublin hawana."

Attracta alileta chai, akaona. Behewa lilikuwa na urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko, na mbao zake hazikuwa mpya. Zilikuwa nyeusi, kuukuu, kana kwamba fundi alizichanja kutoka kwenye kitu kikubwa. Malachy aliinua paa kwa ncha za vidole. Ndani mlikuwa na ukuta mzima wa vishubaka vya kutilia barua, kila kimoja kama punje ya mchele, na mbele yake watu watano wadogo wa madini ya risasi, migongo imewageukia watazamaji, mikono juu. Nafasi ya sita ilikuwa tupu.

Sasa, kwa watu wa upande ule, humkuti mtu kazini ukanyamaza kimya. Unasema, "Mungu aibariki kazi." Na ukishasema, lazima utie mkono wako: usukasuke maziwa mara mbili, au utupe uma mmoja wa majani juu ya lundo. Anayesema kisha akaenda zake amewaibia baraka. Malachy alilelewa hivyo na bibi yake, na ulimi ulimtangulia.

"Mungu aibariki kazi, jamaa," aliwaambia wale watu wa risasi.

Festy alicheka hadi akakohoa. "Haya, watie mkono basi! Usije ukawaibia wenzako."

Malachy akachukua kibano, akaokota barua moja ndogo mezani mwao, akaitia kwenye kishubaka. "Nimeshawasaidia," alisema.

Mzaha mzaha, hutunga usaha. Attracta aliona, au alidhani ameona, mgongo mmoja kati ya ile mitano ukinyooka kidogo, kama mtu aliyesikia msaada umefika. Alisema moyoni kwamba ni mvuke wa chai tu, akarudi jikoni.

Ndiyo maana Jumanne, alipojibiwa kwamba hakuna kinachoungua, hakuridhika. Alijifuta mikono, akaenda. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika kumi, saa ambayo treni ya barua ilikuwa ikitoka Galway. Malachy alikuwa amesimama mbele ya lile behewa, miguu ameipanua kama mtu aliye kwenye treni inayokwenda, mwili ukiyumba. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukirusha hewani kitu kisichoonekana. Kila uliporusha, ulisikika mlio wa karatasi ikigonga ubao. Tak. Tak. Tak.

"Bridie Lally," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayehesabu. Tak. "Michael John Burke." Tak. "Mjane Kilkelly." Tak.

"We mzee, umeanza utoto?"

Hakugeuka. Baada ya dakika ishirini hivi akasema, "Athenry," mkono ukaanguka, na akamtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyetoka usingizini. "Chai ipo?"

Asubuhi Attracta aliwasha redio kusikiliza matangazo ya vifo, kama kila nyumba ya jimbo lile inavyofanya kabla ya jambo lolote. Bridie Lally, wa Craughwell, ghafla. Michael John Burke, baada ya kuugua. Mjane Kilkelly, nyumbani kwake. Walitajwa kwa mpangilio uleule. Attracta alizima redio, akakaa na mkono wake juu ya kitufe, uji ukifurika jikoni.

Jumatano alimsubiri. Ilipotimia saa kumi na dakika kumi Malachy aliacha kijiko katikati ya supu, akainuka, akaenda chumbani kwa hatua za mtu anayewahi zamu. Tak. Tak. Majina mengine. Alipofika jina la kumi na mbili Attracta hakuweza kuvumilia, akamshika kiwiko, akavuta. "Malachy, kipenzi, njoo huku, tafadhali." Mkono wa kushoto ulimjia bila mwenyewe kugeuza uso. Ulimshika kiwiko, kisha ukampiga mdomoni kwa nyuma ya kiganja, akarushwa hadi ukutani, akaanguka chini na jino mkononi, na pale kiwikoni aliposhikwa palikuwa na alama tano nyeusi zilizounguza sweta mpaka kwenye ngozi.

Alibaki sakafuni. Mumewe akaendelea na kazi mpaka akasema, "Ballinasloe," ndipo akageuka, akaona damu, akapiga magoti.

"Nani kakupiga? Attracta! Nani kaingia humu?"

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi hata kumnyooshea kidole. Alimfuta damu huku akilia, akitaka kuita polisi. Attracta alimtazama, akaona hajui kitu, na hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko maumivu ya jino.

Alhamisi walifika Athlone. Attracta alisimama mlangoni, mbali na mkono ule, na sasa alikuwa ameelewa hesabu. Kila siku mumewe alikwenda kituo kimoja mbele. Baada ya Athlone ni Moate, kisha Mullingar, Enfield, Maynooth, kisha Dublin, na Dublin ndiko reli inakoishia. Alisimama akihesabu vituo kwa vidole, na ndipo akasikia mumewe akisema, kwa sauti ileile isiyojali, "Festus Mannion." Tak.

Alimpigia Festy simu usiku uleule, akinong'ona ili Malachy asisikie.

"Shemeji, unaniambia nimekufa?" Festy alicheka, lakini kicheko hakikutikisa kikombe chochote.

"Nakuambia usitoke nyumbani kesho. Jifungie. Usipande gari, usipande ngazi."

"Na Malachy je? Tumwache na lidude lile? Mimi ndiye niliyemwambia atie mkono. Nakuja kulichukua. Nitalitupa ziwani. Nakufa nikiwa nimekaa kwenye kochi? Thubutu!"

Hakukanyika. Ijumaa saa kumi na dakika tano alikuwa mlangoni na gunia, uso mweupe kama unga, akinukia wiski kidogo. Mpango wake ulikuwa alitoe behewa kabla ya saa yake. Lakini aliponyanyua paa atazame mara ya mwisho, maana mpenda treni ni mpenda treni hata mbele ya kaburi, alisita. Alisita dakika nzima, kisha mbili. "Mungu wangu, ufundi huu," alinong'ona. Attracta alimpigia kelele ashike atoke. Festy akalishika kwa mikono miwili, na saa ikatimia, na Malachy akaingia, akasimama mahali pake kama hakuna mtu.

Festy alijaribu kuinua mikono akashindwa. Ilikuwa imegandamana na zile mbao. "Shemeji," alisema taratibu, "inaunguza," na moshi ukaanza kutoka chini ya kucha zake, mwembamba, kisha mweusi, na ngozi ya vidole ikatutumka ikapasuka kama ya soseji kwenye kikaango, na moto ukapanda mikononi kwa ndani, chini ya mikono ya shati, ukatokea shingoni, ukashika nywele, na mtu yule mnene akawa anapiga mayowe ambayo Attracta hakujua kwamba koo la mwanamume linayo, akijirusha huku na huko, mikono ikiwa bado mezani, huku Malachy hatua moja kando yake akirusha barua zake, tak, tak, tak, na hakuna karatasi hata moja chumbani iliyoshika moto. Attracta alikimbia na ndoo. Maji yalichemka kabla ya kumfikia. Alirudi na blanketi, akamfunika, akamkumbatia kwa mikono yake miwili, akahisi ndani ya blanketi kitu kikilegea na kunywea mpaka mayowe yakaisha.

"Moate," Malachy alisema, akaamka, akamwona rafiki yake.

Polisi walikuta chupa ya spiriti ya kusafishia shaba na sigara mfukoni mwa marehemu, wakaandika ajali. Padri alikuja Jumamosi na maji ya baraka, akaanza sala kwa sauti nzuri, na ilipofika saa kumi na dakika kumi akasikia mlio wa barua, akatoka kinyumenyume akisema atamwandikia askofu. Gari lake lilisikika likikwaruza nguzo ya geti. Siku ile walifika Mullingar.

Sasa Malachy mwenyewe alikuwa amejua. Alikuwa hali wala hazungumzi, ila alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Nitoe hapa. Nipeleke popote." Jumapili baada ya Misa Attracta alimpakia kwenye gari, wakaelekea Tuam kwa dada yake, mvua ikinyesha, wote wawili wakitazama saa ya gari. Walikuwa katikati ya njia, hakuna nyumba mbele wala nyuma, ilipotimia. Mkono wa Malachy uliinuka, ukapiga kioo cha mbele. Tak. Kioo kikapasuka. "Nora Fallon." Tak. Vifundo vya vidole vikachanika. Attracta alikanyaga breki, gari likaingia mtaroni, na pale, gari limeinuka upande mmoja, wamekaa kama kuku kwenye fito, alimwona akirusha na kurusha kwa zaidi ya saa mbili, damu ikitapakaa usoni mwake na usoni mwa mkewe, vipande vya kioo vikimwingia kwenye nyama, na harufu ya lakiri imejaa gari zima hadi Attracta akatapika mapajani mwake. "Enfield," alisema mwishowe. Basi kukimbia hakukufaa kitu.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Delia Coyne.

Delia alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu aliyeishi peke yake nyuma ya vinamasi vinavyochimbwa mboji ya kuwashia moto. Akiwa na miaka saba alilamba tumbo la mjusi wa kisimani, na tangu hapo ulimi wake ulikuwa dawa ya kuungua. Watu walimletea watoto waliomwagikiwa na birika. Alijua pia maneno ya kuzuia damu. Kwake hulipi, na ukimwambia asante dawa inakufa, jambo gumu kwa watu wale ambao humshukuru hata dereva wa basi aliyewachelewesha. Alimkunja Attracta mkono wa sweta, akatazama zile alama tano, akazilamba moja baada ya moja kwa ulimi mkavu kama wa paka. Kisha akatema mate kwenye moto.

"Kuungua huku kumezeeka," alisema. "Najua kulikotoka. Baba yangu alinunua gamba la behewa lenyewe, lile la kweli lililoungua, akalifanya banda la kuku. Kuku hawakutaga humo hata yai moja."

"Fahy alichanja mbao hapo?"

"Alikuja kuomba. Baba alimpa, alifurahi kuliondoa." Alivuta kiti karibu. "Sikiliza, mwanangu. Wakati wa vita vile vya ndugu kwa ndugu, wenye bunduki walisimamisha treni ya barua, wakaagiza wafungue. Wachambua barua wana sheria yao: mlango haufunguliwi njiani. Walikuwa sita. Hawakufungua. Wakamwagiwa mafuta ya taa, wakawashwa moto. Mmoja akatoka kwenye kidirisha, akawaacha watano."

"Aliokoka?"

"Alikufa kitandani mwake, mzee, bila hata kovu. Watano wale bado wanafanya kazi ya watu sita, wamechoka, wana hasira. Na barua wanazochambua siku hizi si za pauni na salamu. Unajua ni za nini."

Attracta alijua. Alisikiliza redio kila asubuhi.

"Mume wangu aliwaambia Mungu aibariki kazi."

Delia alifumba macho. "Na akatia mkono?"

"Barua moja. Kwa mzaha."

"Hawana mzaha wale. Keshokutwa ni Dublin?"

"Kesho," Attracta alisema. "Leo ni Maynooth."

"Akifika Dublin nao hashuki." Bibi alichokoa moto kwa koleo. "Lakini wanazidisha. Wanataka mtu mzima, na hakuahidi mtu mzima. Aliahidi mkono. Basi wape mkono, ukiwa kazini, ukiwa wao. Wakishaupata hawana dai tena."

"Niwape vipi?"

Delia alitazama tu shoka dogo la kuchanja kuni lililoegemea ukuta, na Attracta naye akalitazama, akaanza kulia kwa sauti, bila haya.

Jumanne bibi alikuja na koleo lake la chuma kwenye mfuko wa plastiki. Walimwambia Malachy. Aliugeuza mkono wake wa kulia huku na huku, ule uliojaa bandeji.

"Ndio mkono wangu wa kazi," alisema.

"Najua, kipenzi."

"Piga mara moja. Usinichezee." Kisha akambusu, na saa ikatimia, na akawa hayupo.

Attracta alidhani ataweza mara moja. Walipopita Athenry aliinua shoka, akaona nyuma ya shingo ya mumewe, pale anapomnyolea kila mwezi, akalishusha. Ballinasloe akaliinua tena. Athlone alikuwa amekaa sakafuni amelikumbatia, na Delia anamfokea. Joto lilikuwa limeanza kupanda, rangi ya ukuta ikitoka malengelenge, na treni za Malachy za miaka yote zilianza kuyeyuka kwenye rafu zao, moja moja, zikidondoka kama mishumaa. Mullingar nyumba ikayumba. Haikuwa ndoto: vikombe jikoni vilianguka upande mmoja, kisha upande wa pili, na chini ya sakafu palisikika magurudumu, na Attracta alipotazama ndani ya behewa aliona wale watu wa risasi si wa risasi tena, na si wadogo, au labda yeye ndiye aliyekuwa mdogo, kwa kuwa migongo yao ilikuwa pale mbele yake, mipana, mashati yameshikana na nyama, na walipofika Enfield mmoja aligeuka, kisha wa pili, na hawakuwa na nyuso, palikuwa na meno tu na mahali ambapo macho yalichemka yakatoka, na wote watano walisogea kidogo, kwa heshima, kama watu wanavyosogea kwenye benchi la kanisa, ili kumpa Malachy nafasi, na Malachy akainua mguu wa kulia kuingia.

"Maynooth!" alisema, kwa furaha.

"Sasa, mwanamke! Sasa au umemzika!" Delia alipiga kelele, akaruka na uzee wake wote, akaubana ule mkono kwa koleo, akaugandamiza mezani. Koleo likawa jekundu papo hapo. Viganja vya bibi vikaanza kutoa moshi na hakuachia. Attracta akapiga. Shoka liliingia likakwama kwenye mfupa, na mkono ukaendelea kufanya kazi, vidole vikirusha, tak, tak, na Malachy akaamka katikati ya maumivu, akamtazama mkewe machoni, mdomo wazi bila sauti. Attracta alikanyaga meza kwa mguu, akachomoa shoka, akapiga tena kwa nguvu zote alizopewa na mama yake, akimwita Bikira Maria na akitukana kwa pumzi moja, na mkono ukakatika.

Haukuanguka. Ulishika ukingo wa behewa kwa vidole vyake, ukajivuta, ukaingia ndani. Paa likajifunika. Behewa likawaka moto mweupe usio na sauti, na katika muda wa kusema Salamu Maria moja palibaki majivu na magurudumu manne ya shaba.

Delia alikuwa sakafuni, ameweka mdomo kwenye kigutu, akinong'ona maneno yake na kulamba. Damu ilipungua, ikasimama. "Usiniambie asante," alisema huku anatapika, "nakuomba, usiniambie."

Hospitalini walidanganya kwamba ni msumeno. Malachy aliishi. Krismasi alikula kwa mkono wa kushoto, akamtania mkewe kwamba yeye sasa ana kisingizio cha kutomenya viazi. Redio ikaendelea kuwataja wafu, na hakuna aliyewataja kabla. Attracta alianza kulala usiku kucha.

Ilipofika Februari akaona kwamba kila alasiri mumewe anakunja uso, akiushika ule mkono usiokuwepo. Daktari alisema ni kawaida, mishipa haijui kwamba kiungo hakipo. Malachy alikubali kwa kichwa. Nyumbani akamwambia mkewe ukweli.

"Nausikia. Uko kazini. Saa kumi na dakika kumi unaanza, saa moja na dakika kumi unapumzika. Hauumi. Umechoka tu."

"Si ndio tuliowapa? Basi," Attracta alisema.

Kisha siku moja ya Mei, mlango wa jikoni ukiwa wazi na jua limeingia hadi kwenye jiko, Malachy alipiga yowe, akaanguka kutoka kwenye kiti. Siku ya pili tena. Ya tatu aliuma meza. Hakutaka kusema ni nini. Attracta alimbembeleza, akamgombeza, mwishowe akafunga milango na kukaa mbele yake.

"Thelathini na mmoja, Malachy. Miaka thelathini na mmoja. Niambie."

"Mkono umesimama," alisema. "Umeshika barua na hautaki kuitia kwenye kishubaka."

"Barua ya nani?"

Alitazama sakafu. "Nimechambua miaka ishirini na miwili. Nasoma anwani kwa kidole gumba, gizani. Hii nimeisoma."

Attracta aliangalia mikono yake mwenyewe, mapajani, na kwa mbali akasikia mbwa wa jirani akibweka.

"Wanafanya nini?" alisema.

"Wanaupiga ili uachie. Jana walianza na kucha."

"Itie, Malachy. Nimezeeka. Itie, upumzike."

"Nyamaza wewe," mumewe alisema, kwa upole. "Hata siku moja."

Tangu hapo, kila alasiri kabla ya saa kumi na dakika kumi, Attracta huzima redio, hufunga madirisha ili wapita njia wasisikie, humpa Malachy taulo lililokunjwa aume, na hukikumbatia kile kigutu kifuani kwake mpaka saa moja na dakika kumi. Jumamosi iliyopita waling'oa ukucha wa nne. Barua bado anayo.